Swali Ambalo Sikumwuliza Nahodha

Baba alikuja Marekani na mshipi wa kuvulia ndani ya soksi. Alikuwa ameukunja kwenye kijiti cha urefu wa kiganja, kilicholainika katikati kwa kushikwa miaka mingi, akafunga na ndoana mbili na kipande cha risasi cha kuzamisha, kisha akavisokomeza vyote kwenye soksi moja nyeusi na kuiweka chini kabisa ya sanduku. Dada yangu alipokuwa anampangia nguo kabatini pale Hyattsville, ndoana ikamchoma kidole.

"Baba! Umekuja kututembelea au kutuvua?"

Baba alicheka mpaka akakohoa. "Nimekuja kuwaona. Lakini kuna ziwa huku, au hakuna?"

"Maziwa yapo. Mbali."

"Basi," akasema, na tangu siku hiyo tukajua kwamba hatarudi nyumbani bila kufika huko.

Baba alikuwa mvuvi wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria. Wenzake wengi walihamia kwenye nyavu pale viwanda vya Mwanza vilipoanza kununua sangara, yeye akabaki na mshipi wa mkono. Alikaa kwenye mtumbwi, mshipi umepita juu ya kidole chake cha shahada, na kwa kidole hicho alijua kama kilichogusa chini ni jiwe, ni jani, ni samaki mdogo kama furu anayedokoa, au ni sangara. Alikuwa akituambia samaki hupiga hodi kabla ya kuingia, na kwamba yeye hakuwahi kuchoka kuisikia hodi hiyo.

Lakini mwaka aliokuja, vidole vyake vya mkono wa kulia vilikuwa vimeanza kufa ganzi. Aliweza kushika kikombe cha chai inayochemka na asijue. Kilichobaki kizima ni hicho cha shahada tu. Jioni moja tukiwa mezani alikinyoosha mbele yetu.

"Hiki bado kinasikia," alisema. "Mwakani sijui. Nataka samaki mmoja wa huku. Mmoja tu. Nimsikie kwa kidole hiki, halafu mnirudishe kwangu."

Kwanza nilimpeleka Bladensburg, kwenye ule mto uliokuwa karibu na kazini kwangu. Alisimama akayaangalia maji ya rangi ya chai ya maziwa. Pembeni palikuwa na kibao kinachowaonya watu wasile samaki wa pale, nikamsomea.

"Sasa huyo anavua wa nini?" aliuliza, akimwonyesha mtu aliyekaa kwenye kiti cha kukunja na fimbo yake ya kuvulia.

"Anamrudisha, baba. Anavua tu."

Baba aliirudisha soksi mfukoni. "Twende. Kumsumbua samaki ambaye hutamla ni utovu wa adabu."

Safari ya ziwa tuliipata kwa njia ya dada. Alikuwa anamhudumia mzee mmoja huko Herndon, mzungu aliyepooza upande, na mtoto wa yule mzee alikuwa na rafiki mwenye boti kwenye Ziwa Erie, kaskazini kabisa, ziwa ambalo ng'ambo yake ni Kanada. Dada alimsimulia habari za baba. Kwa shukrani ya kazi yake tukapewa siku nzima kwenye ile boti, watu watatu, bila kulipa. Ilikuwa Agosti, na baba alikuwa amebakiza wiki mbili.

Dada hakuweza kuacha zamu. Kwa hiyo alikwenda baba, mimi, na jirani yetu wa ghorofa ya chini, Mkongo aliyekuwa akiendesha gari la kusambaza mikate, ambaye alikubali kutupeleka kwa gari lake kwa sababu, alivyosema, hajawahi kupanda boti na anataka kujua Mungu alimwumba na tumbo la namna gani. Kiingereza chake kilikuwa kidogo. Mkalimani nilikuwa mimi.

Hapa lazima niseme kitu kuhusu Kiingereza changu. Niliishia darasa la saba. Nilipofika Marekani nikapata kazi ya kupanga maboksi kwenye ghala, na wiki ya kwanza niliomba glovu nikaletewa ufagio. Nilifagia. Baada ya hapo nilijifunza kuelewa karibu kila kitu na kujibu kwa maneno mawili, ndiyo na sawa. Lakini barua nilizoandika nyumbani zilisema mengine. Niliandika kwamba Kiingereza sasa nakisema bila taabu, na kwamba kazini wananiita niwatafsirie wageni. Baba hajui kusoma. Barua zangu husomwa kwa sauti na mwalimu mmoja mstaafu, barazani kwake, mbele ya yeyote aliyekuwepo siku hiyo. Kwa hiyo kijiji kizima kilijua kwamba mimi ni mtu wa Kiingereza, na baba aliyajua hayo kuliko wote.

Tulilala kwenye nyumba ya wageni karibu na ziwa, na asubuhi, jua likiwa ndiyo kwanza linachomoza, tukafika gatini. Nahodha, ndiye mwenye boti, alikuwa mzee mnene mwenye shingo nyekundu na miwani ya giza. Alimshika baba mkono kwa mikono yake miwili, akatuvalisha majaketi ya kuokolea mmoja mmoja kama watoto wa chekechea, kisha akawasha injini. Pwani ikawa mstari, halafu mstari nao ukapotea.

Baba aliinama ukingoni, akachota maji kwa kiganja, akayaonja.

"Papa, usinywe!" jirani alipiga kelele. "Hii mayi hatujue inatoka wapi!"

"Inatoka ziwani," baba alimjibu. "Hili ni ziwa kweli. Linanuka ziwa." Sikuwa nimemwona na uso ule tangu afike. Hata mgongo ulikuwa umenyooka.

Nahodha alipunguza mwendo na kuanza kutega. Alikuwa na fimbo nane. Aliziweka kwenye vishikio vyake pande zote mbili za boti, kila mshipi ukiwa umefungwa kwenye kibao cha rangi kinachoelea mbali pembeni, na boti inatembea polepole ikivivuta vyote kama ng'ombe na jembe. Samaki waliokuwa wanatafutwa wao huwaita wolai. Chambo kilikuwa nyungunyungu wanene. Akageuka akasema, nami nikatafsiri, kwamba tusiguse kitu mpaka aseme yeye. Kibao kikirudi nyuma, maana yake samaki ameshika. Yeye ataichukua fimbo na kumkabidhi mtu, na kazi ya mtu ni kuzungusha tu.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa soksi mfukoni.

"Muulize," aliniambia. "Mwambie mimi fimbo zake sizihitaji. Azime injini kidogo, mahali popote anapojua yeye pana mawe, niteremshe mshipi wangu. Muda wa kunywa chai tu unanitosha."

Niliinuka. Kutoka kwenye benchi letu hadi kwenye usukani palikuwa na hatua nne. Maneno yote nilikuwa nayo. Injini nililijua, kuzima nililijua, baba yangu, mkono, tafadhali, yote. Nilikuwa nimeyapanga hata kabla ya kuondoka Hyattsville, maana nilijua siku hiyo itafika. Nahodha akanigeuzia ile miwani ya giza.

"Vipi, rafiki yangu?"

Nikajiona kwenye vioo vya miwani, wawili, wadogo. Nikafikiri kwamba siku hii tumepewa bure. Nikafikiri kwamba amesema tusiguse kitu. Na zaidi ya yote nikafikiri kwamba atasema hajanielewa, nirudie, na nitarudia, na atasema tena hajanielewa, na baba yuko nyuma yangu anatazama.

"Baba yangu anasema ziwa ni kubwa sana," nilisema kwa Kiingereza.

Nahodha alitabasamu, akatikisa kichwa kwa nguvu. "Hapana, hapana. Hajaona kitu bado. Aje mwezi wa kumi na moja aone mawimbi." Akaukata upepo kwa kiganja, akionyesha wimbi linavyopita juu ya paa la boti.

Nilirudi kwenye benchi. Baba alikuwa ameona kichwa kinatikiswa, na mkono.

"Amekataa?"

Pale bado ningeweza. Ningesema sijamwuliza, nimeona haya, twende wote. Baba angenicheka kidogo, angeinuka na soksi yake, angemwonyesha yule mzee kwa ishara, na wazee wawili wangeelewana bila mimi.

"Amesema hairuhusiwi," nilisema. "Ni sheria ya ziwa."

Sijui kwa nini nilichagua sheria. Labda kwa sababu nilijua kwamba hapo hatabisha. Kule kwetu miaka ile walikuwepo watu waliokuwa wanavua kwa kumwaga sumu majini, na baba alikuwa mmoja wa waliowakemea hadharani, mpaka akagombana na ndugu zake. Ukimwambia baba hii ni sheria ya ziwa, umemaliza.

"Sheria gani hiyo?" jirani aliuliza. Alikuwa tayari amelala chali, kofia kifuani, ameanza kubadilika rangi. "Na wao iko na mishipi. Minaiona nane."

"Mwenye ziwa ndiye anayejua kwa nini," baba alimjibu. Akaniangalia. "Umeuliza vizuri. Nimekusikia. Maneno yametoka."

Akarudisha soksi mfukoni, akaweka mikono juu ya magoti.

Kibao cha kwanza kilirudi nyuma muda mfupi baadaye. Nahodha aliirukia ile fimbo, akaipindisha, akampa baba. Baba akazungusha. Alizungusha kama alivyoelekezwa, bila kusimama, na samaki akaja bila ubishi mkubwa, nahodha akamchota kwa wavu. Alikuwa na urefu wa kuzidi kiwiko mpaka vidoleni, rangi ya dhahabu iliyochafuka, miiba mgongoni, na macho yanayong'aa kama kipande cha kioo.

Baba alipiga magoti. Alimfungua mdomo, akamfungua mashavu, akahesabu miiba yake kwa ncha ya kisu.

"Mdogo wake sangara," alisema taratibu. "Tazama jicho. Tazama mgongo. Huyu ana ndugu kwetu."

Nahodha aliinua kidole gumba, akampiga baba begani. Baba akamshukuru kwa kuinamisha kichwa. Halafu alipokaa akaniambia kwa sauti ya chini, bila hasira, "Lakini huyu sikumvua. Nimezungusha tu. Kama ndoo ya kisimani."

Tulipata samaki wengine. Mimi nilizungusha wawili. Jirani alikabidhiwa fimbo moja, akazungusha mara tatu, akairudisha haraka na kukimbilia ukingoni.

"Papa," aliguna kutoka huko, "asubuhi nilikunywa kahawa. Sasa kahawa njo inaninywa mimi."

"Angalia mbali," baba alimwambia. "Usiangalie maji ya karibu. Angalia mbali, na usifikirie chakula."

"Usitaje ile neno, Papa!"

Baba alicheka, nami nikacheka, na kwa kitambo nilisahau. Lakini kila nilipomtazama bila yeye kujua, nilimwona anafanya kitu kimoja. Mkono wake wa kulia ulikuwa umetoka nje ya ukingo kidogo, kidole cha shahada kimenyooka, kinapandishwa na kushushwa taratibu juu ya maji, bila mshipi.

Kulikuwa na nafasi nyingine, si moja. Mchana nahodha alizima injini mwenyewe ili tule. Boti ilitulia karibu na mahali ambapo chombo chake kilionyesha mawe chini. Alituonyesha kwenye kile kioo kidogo, vidoa vya samaki juu ya mawe. Tulikaa pale tukila mikate aliyotufungia dada. Muda wa kunywa chai ulipita, ukapita mwingine. Baba alikiangalia kile kioo, akayaangalia maji, hakuuliza tena. Sheria ni sheria. Nahodha akafuta mikono, akawasha injini.

Tuliporudi gatini, nahodha alitupatia samaki wote. Baba hakutaka mfuko wa plastiki. Alitoa soksi, akakunjua mshipi wake, akaanza kuwatunga samaki mashavuni kama wanavyotungwa nyumbani, mmoja baada ya mwingine. Nahodha alikuwa anaosha sakafu ya boti kwa bomba. Akafunga bomba, akaja. Alikiokota kile kijiti, akakigeuza, akapitisha kidole gumba katikati palipolainika.

"Huu ni wake?" aliniuliza.

"Ndiyo."

"Babu yangu alivua hivi maisha yake yote. Kwa kidole." Akainua kidole chake cha shahada. "Mbona hamkusema? Ningezima injini. Ningempeleka kwenye mawe nikamwacha hapo mpaka jioni. Ningependa kuona." Akamrudishia baba kijiti kwa heshima, kama mtu anayerudisha kitabu cha dini. "Mwambie hivyo."

Baba alikuwa amekwisha kugeuka kwangu, uso wake wote ukingoja. "Anasemaje?"

"Anasema karibu tena."

"Mwambie ahsante. Mwambie ni mtu mwema, na nimeheshimu sheria yake."

Nikamwambia nahodha ahsante. Hayo mengine sikuyasema.

Njiani jirani alipata nguvu, akaanza kutusimulia jinsi alivyokufa mara tatu ziwani. Baba alimsikiliza akicheka. Mimi nilijifanya nimelala. Niliyahesabu maneno ya kumwambia, nikajiambia nitamwambia tukifika. Tulipofika, dada alikuwa mlangoni, na siku iliyofuata ilikuwa Jumapili, wageni wakaja: Watanzania wawili watatu wa jengo letu, Mkenya mmoja muuguzi, na jirani na mke wake. Dada aliwapika wale samaki kwa nyanya na ndimu. Baba alikaa kwenye kiti kikubwa akaeleza kila kitu, ziwa, boti, vile vibao, yule mdogo wake sangara.

"Sasa mzee, ulivua kwa ule mshipi wako?" muuguzi aliuliza.

"Hapana, mama. Kule hairuhusiwi. Mwanangu aliniombea, akasema naye Kiingereza kizuri tu, nikiwa pale pale. Yule bwana akakataa kwa adabu."

Wote wakanigeukia. "Kumbe na huyu anaongea!" muuguzi akasema. "Mimi nilidhani ni bubu, bana."

Wakacheka. Baba alicheka kuliko wote, akanipapasa kichwa kwa ule mkono wenye ganzi. Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Siku ya kumsindikiza uwanja wa ndege wa Dulles nilibeba sanduku lake. Dada alikwenda kuulizia foleni, tukabaki wawili. Nilisema, "Baba." Akasema, "Naam." Nikasema, "Ukifika tuma salamu." Akasema atatuma.

Barua ilikuja baada ya miezi kadhaa, kwa mwandiko wa yule mwalimu. Ilianza na salamu za kila mtu, ikaendelea na mvua. Kisha mwalimu akaandika kwamba baba hajambo, ila kidole chake cha shahada nacho kimelala, hakisikii tena, na mtumbwi amempa mtoto wa ndugu yake. Akaandika pia kwamba kumekuwa na ubishi barazani. Baba aliwasimulia kwamba Marekani kuna ziwa ambalo sheria yake inakataza mshipi wa mkono, na baadhi ya wavuvi wakamwambia anatunga, haiwezekani watu waruhusu fimbo nane wakakataza mshipi mmoja. Kwa kuwa walikuwemo na wale ambao baba aliwahi kuwakemea kwa habari ya sumu, walimcheka sana, wakasema mtu huyu kila kitu kwake ni sheria. Baba aliwajibu kwamba mwanawe aliuliza na yeye alikuwepo. Kwa hiyo, aliandika mwalimu, mzee anaomba uandike jambo hilo kwa maneno yako, nami nitalisoma mbele yao, limalizike.

Nilikaa na ile barua wiki nzima. Nikiandika ukweli, mwalimu atausoma kwa sauti, na watakaokuwa wamekaa pale ni wale wale. Baba hawezi kusoma peke yake kwanza. Hakuna njia ya kumfikishia yeye bila kuwafikishia wao.

Nikanunua karatasi yenye mistari. Niliandika kwamba ni kweli, ni sheria ya ziwa lile, na kwamba niliuliza mwenyewe. Mimi huandika polepole, na ilinichukua jioni mbili. Niliandika kwa herufi kubwa na safi, nikarudia mistari miwili iliyopinda, ili mwalimu asikwame popote akiwasomea.